Kuagiza pambo kwa sonara: kutoka wazo mpaka kukabidhiwa

Pambo la kuagiza likitoka vibaya, lawama huangukia moto au mkono wa fundi. Mara nyingi kosa lilishafanyika mezani siku ya kwanza, mteja aliposema anataka "pete nyembamba yenye jiwe la wastani" na sonara akaandika hivyo hivyo. Nyembamba kwa mmoja ni milimita 1.8, kwa mwingine ni 3. Jiwe la wastani linaweza kuwa la milimita 5 au 7. Kwenye karatasi tofauti hiyo hurekebishwa kwa kifutio; kwenye modeli ya nta, inayotengenezwa kabla ya kumimina dhahabu, inakula siku kadhaa; kwenye dhahabu iliyokwisha kumiminwa inabidi kuyeyusha upya, na hapo ujira wa kwanza umeshakwenda. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo, zile ambazo wateja wengi huzipita mbio.

Kabla ya kumwona sonara

Jiulize pambo litavaliwa wapi, na mkono huo unafanya kazi gani. Anayevaa glavu siku nzima, anayekanda unga, anayeshika spana au anayelea mtoto mchanga hafai kupewa jiwe lililoinuka juu ya kidole: litanasa glavu, litakwaruza ngozi ya mtoto, na kila likinasa, kucha za dhahabu zinazolishika zinavutwa kidogo. Huyo anafaa jiwe lililozungushiwa ukingo wa dhahabu, au lililozamishwa ndani ya pete yenyewe. Pambo la kuvaliwa kwenye shughuli mara chache kwa mwaka lina uhuru zaidi. Linaweza kuwa refu, jembamba, hata dhaifu kidogo.

Kusanya picha 5 au 6, na chini ya kila moja andika unachokipenda na usichokipenda. Picha bila maelezo humpoteza sonara: wewe umependa umbo la jiwe, yeye anadhani umependa pete nzima. Picha nyingi pia zimepigwa kutoka juu, kwa hiyo upande na chini havionekani, na huko ndiko kazi yenyewe iliko. Usimwombe anakili pambo la fundi mwingine mstari kwa mstari. Mafundi makini hukataa, na anayekubali bila kusita ataweza kuinakili na ya kwako kesho.

Taja kiasi cha juu cha fedha unachoweza kutoa. Wengi hukificha wakihofia kwamba kitatumika chote. Matokeo yake sonara anachora kitu wasichokiweza na wiki mbili zinapotea. Ukiwa na hofu hiyo, omba michoro miwili: mmoja wa kiasi hicho, mwingine wa theluthi mbili yake, na akueleze alichopunguza. Jibu lake litakuonyesha kama anajua kubana matumizi bila kuharibu kazi. Sonara mzuri atapunguza ukubwa wa jiwe kabla ya kupunguza unene wa pete.

Kuhusu muda, kazi ya kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 tangu mchoro ukubaliwe. Kama kuna siku maalumu, taja tarehe iliyotangulia siku hiyo kwa wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo nafasi ya kurekebisha kipimo.

Kumchagua fundi

Uliza nani hasa atafanya nini. Katika maduka mengi anayekupokea si anayechora, anayechora si anayemimina dhahabu, na kupachika mawe ni ufundi wa peke yake wenye mtu wake. Hakuna ubaya kazi kugawanywa; ubaya ni kutojulikana nani atajibu jiwe likipasuka. Swali hilo liulize mapema: "Jiwe langu likivunjika wakati wa kupachikwa, gharama ni ya nani?" Baadhi ya mafundi hubeba gharama ya jiwe walilouza wao na hukataa dhamana kwa jiwe lililoletwa na mteja. Hilo linaeleweka, mradi umelijua kabla.

Kisha omba kuona pambo lililokamilika, uligeuze na ulitazame mgongoni kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Mbele kila mtu hung'arisha. Nyuma ya pete, ndani ya hereni na chini ya jiwe ndiko utakakoona alama za tupa zilizoachwa, lehemu iliyochuruzika na vijitundu vilivyozibwa. Aliyemaliza sehemu ambazo mteja hazitazami ni fundi wa kumpa kazi.

Madini

Karati ya dhahabu inaeleza sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu safi. Dhahabu ya karati 22 hugongwa muhuri 916, ya 18 muhuri 750, ya 14 muhuri 585, ya 9 muhuri 375. Fedha ya mapambo huwa 925 na platinamu mara nyingi 950. Karati ya jiwe ni jambo jingine kabisa: ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2.

Kadiri karati inavyopanda, dhahabu inakuwa na rangi nzito zaidi na inakuwa laini. Karati 22 inapendeza sana kwenye bangili nene na mikufu, lakini kucha nyembamba za kushika jiwe zikitengenezwa kwa dhahabu hiyo hufunguka baada ya muda. Kama unataka karati 22 na mawe, ama mawe yazungushiwe ukingo, ama sehemu ya kushika jiwe itengenezwe kwa karati 18. Kwa pete ya kila siku yenye jiwe, karati 14 au 18 ndizo zenye uwiano mzuri.

Dhahabu nyeupe si nyeupe kiasi unachoona dukani. Chini ina rangi ya kijivu au manjano iliyofifia. Weupe mkali unatokana na kuchovywa kwenye rodi, metali nyeupe inayong'aa, na tabaka hilo huchakaa, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili kwenye pete. Ukichagua nyeupe, jua kwamba utarudi kuichovya tena. Uliza pia kilichochanganywa humo. Ikiwa ni nikeli na mvaaji hupata upele akivaa saa au hereni za bei nafuu, omba iliyochanganywa na metali ya paladi, au hamia kwenye platinamu.

Mchoro ule ule hauna uzito ule ule kwa kila madini. Programu ya kuchora hutoa ujazo, nao ukizidishwa kwa msongamano unapata gramu. Tuseme pete ina milimita za ujazo 420, yaani sentimita za ujazo 0.42. Kwa karati 18 ya njano, yenye msongamano wa takriban 15.5, itakuwa na gramu 6.5 hivi, kwa fedha ya 925 gramu 4.4, kwa platinamu gramu 8.5 au zaidi. Modeli ikichongwa kwa nta ya mkono, fundi huipima nta kwenye mizani na kuzidisha kwa 10 na kidogo kwa fedha, 13 hivi kwa karati 14, 15 hadi 16 kwa karati 18. Ombeni hesabu hii ifanywe mbele yenu. Ndiyo inayokulinda usije ukaambiwa mwishoni kwamba "imekula dhahabu nyingi kuliko tulivyotarajia".

Jiwe lije kabla ya modeli

Jiwe halisi linapaswa kuwa mezani kabla pete haijachorwa. Jiwe linalouzwa kama la milimita 6.5 linaweza kuwa 6.42 au 6.57, na kina chake kinatofautiana zaidi. Pete iliyochorwa kwa vipimo vya makadirio humlazimisha mpachikaji kupinda kucha kupita kiasi au kutoboa kiti cha jiwe zaidi ya ilivyopangwa, na hapo ndipo mawe yanapolegea miezi sita baadaye.

Angalia ugumu. Almasi ina 10 kwenye kipimo cha Mohs, yakuti 9, zumaridi kati ya 7.5 na 8, tanzanaiti 6 hadi 7, opali 5.5 hadi 6.5, lulu chini ya 5. Namba muhimu ni 7, kwa sababu huo ndio ugumu wa chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi la kawaida. Jiwe lililo chini ya 7 litapoteza mng'aro kwa kufutwa tu na kitambaa chenye vumbi, kwa hiyo lifae hereni au kidani kuliko pete ya kila siku. Ugumu hauhusu kuvunjika, hata hivyo. Almasi hukwaruzwa na almasi pekee, ila ikigongwa kwenye pembe hupasuka. Mawe ya mraba yenye ncha kali, ya umbo la tone na ya umbo la mtumbwi yawekewe kucha za umbo la V zinazofunika kila ncha.

Uliza jiwe limefanyiwa nini kabla ya kuuzwa, na jibu liandikwe. Zumaridi nyingi zimejazwa mafuta kwenye nyufa zake. Zikisafishwa kwa mashine ya mitetemo au mvuke mafuta hutoka na nyufa huonekana. Kuna yakuti nyekundu zilizojazwa kioo, na hizo huharibiwa na moto wa lehemu na hata asidi ya kusafishia dhahabu. Almasi iliyozalishwa maabara ni almasi kweli, ngumu vile vile, lakini bei yake ni tofauti na macho hayawezi kuitenga. Hapo cheti cha maabara inayoaminika ndicho cha kutegemea. Namba ya cheti mara nyingi huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Mwombe sonara akuonyeshe namba hiyo kwa lenzi siku unapolikabidhi jiwe na tena siku unapopokea pambo.

Kwenye bei kuna nafasi ya kuokoa bila kupoteza kitu machoni. Almasi ya duara ya karati 1 ina kipenyo cha milimita 6.5 hivi, ya 0.90 ina karibu 6.2. Tofauti hiyo haionekani kidoleni, lakini bei kwa karati hupanda ghafla kwenye namba kamili.

Kipimo cha kidole

Hapa ndipo pete nyingi hukosewa. Uzi na ukanda wa karatasi vinatoa picha ya jumla tu: ukikosea milimita 1 kwenye mzunguko, tayari umekosea karibu nusu ya saizi kwa vipimo vya Marekani. Pimwa kwa pete za kupimia za fundi, na upimwe mara mbili kwa siku tofauti. Kidole hunywea asubuhi na kwenye baridi, huvimba jioni, kwenye joto, baada ya kutembea au kula chumvi nyingi. Kipimo cha adhuhuri, mwili ukiwa umetulia, huaminika zaidi.

Zingatia upana. Pete ya kupimia mara nyingi ina upana wa milimita 2 au 3. Pete yako ikiwa na upana wa 6 au zaidi itabana zaidi kwa kipenyo kile kile, kwa hiyo ongeza robo hadi nusu ya saizi. Waombe pete za kupimia pana kama wanazo. Pete sahihi huteleza kuingia, ila kutoka inahitaji kuzungushwa kidogo kwenye fundo. Kama fundo ni nene na chini ya kidole ni kwembamba, pete itakayopita kwenye fundo itazunguka ikikaa, na jiwe litalala upande. Dawa yake ni vitone viwili vya dhahabu ndani ya pete, upande wa chini, ambavyo fundi huviongeza kwa dakika chache.

Andikeni kipenyo cha ndani kwa milimita pamoja na saizi, kwa sababu kila nchi ina namba zake. Saizi 7 ya Marekani, kwa mfano, ni kipenyo cha milimita 17.3, na kwa mfumo unaotumia mzunguko wa ndani hiyo ni 54. Milimita haina utata.

Kama pete ni zawadi ya siri, azima pete inayovaliwa kwenye kidole kile kile cha mkono ule ule. Usikadirie kwa kidole chako. Na ukiwa na wasiwasi, chagua mchoro unaorekebishika: pete yenye mawe kuzunguka kote haipanuliki vizuri, na titani au tangisteni hazirekebishwi kama dhahabu. Pete ya kawaida ya dhahabu hupanuliwa au kupunguzwa saizi moja au mbili bila shida.

Kama si pete

Bangili isiyofunguka hupimwa kwa mkono uliokunjwa: lete kidole gumba kwenye kidole cha mwisho kana kwamba unaivaa, zungusha utepe penye mafundo, gawanya kwa 3.14. Mzunguko wa milimita 201 unakupa kipenyo cha ndani cha 64. Bangili yenye bawaba hupimwa kwenye kifundo cha mkono chenyewe, na huwa ya yai ili isizunguke.

Kidani kinachoning'inia kina kosa moja linalojirudia: kitanzi chake ni kidogo kiasi kwamba kifungio cha mkufu hakipiti. Peleka mkufu wenyewe wakati wa kuchora. Kidani kizito kwenye mkufu wa uzi wa milimita 0.6 kitaukata, uzito wa kidani na unene wa mkufu viamuliwe pamoja. Urefu wa mkufu usiutaje kwa kukadiria. Nyoosha mezani mkufu unaoupenda na uupime pamoja na kifungio.

Hereni huinama mbele pale msumari wa sikioni ukiwekwa katikati. Uwe kwenye theluthi ya juu, ili uzito uning'inie chini yake. Unene wa msumari wa milimita 0.8 au 0.9 unatosha tundu la kawaida. Kwa uzito, mpelekee fundi hereni nzito kuliko zote unazozivaa siku nzima bila maumivu. Aipime na aweke gramu hizo kuwa mpaka.

Mchoro, kisha kitu cha kuvaa

Mchoro wa kompyuta hudanganya kwa ukubwa. Kwenye skrini pete inajaza kioo, kila kitu kinaonekana kikubwa na kuna nafasi ya kila urembo. Omba karatasi iliyochapishwa kwa ukubwa halisi, ikionyesha juu, upande, mbele na chini, vipimo vikiwa vimeandikwa. Utashangaa ni mapambo mangapi yanayopotea yakirudi kwenye milimita zake.

Vipimo vya kuhakikisha kwenye karatasi hiyo ni hivi. Pete ya kila siku isishuke chini ya milimita 2 kwa upana na 1.5 kwa unene sehemu ya chini ya kidole, na 1.8 ni bora. Hapo ndipo pete huchakaa na kupinda; pete iliyoanza na 1.2 itakuwa imekwisha baada ya miaka michache. Angalia jiwe limeinuka milimita ngapi juu ya kidole, na kama pete ya pili itakaa sambamba nayo bila kugonga kiti cha jiwe. Maandishi ya kuchongwa ndani yawe na herufi za milimita 1.5 kwenda juu, na yachongwe baada ya saizi kuthibitishwa, maana kukata pete ili kuipunguza hukata na neno.

Usishtuke ukiona kucha kubwa na ukingo mnene kwenye mchoro. Fundi anaacha dhahabu ya ziada kwa sababu madini hunywea kidogo yakipoa na tupa, msasa na kung'arisha hula milimita 0.1 hadi 0.2 kila upande. Wateja wengi husema "punguza hizo kucha" hapo, fundi akakubali kuwaridhisha, na matokeo yake ni kucha nyembamba zisizoshika. Uliza badala yake: "Zitabaki na unene gani zikikamilika?" Kwa jiwe la karati 1 lenye kucha nne, jibu la karibu milimita 1 ni zuri. Kucha sita huruhusu ziwe nyembamba zaidi, tena ukucha mmoja ukivunjika jiwe linabaki.

Kisha omba modeli ya nta au ya plastiki iliyochapishwa na uivae. Fundi wengine hutengeneza ya fedha kwa kazi kubwa. Kunja ngumi, shika kalamu, ingiza mkono mfukoni, vuta soksi. Dakika 10 za kufanya hivyo zinaonyesha yasiyoonekana kwenye mchoro: kona inayochoma kidole cha jirani, upana unaozuia kukunja. Modeli hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kubadilisha umbo kwa bei ndogo, kwa hiyo ukiikubali, weka sahihi na tarehe kwenye karatasi.

Makubaliano yaandikwe

Karatasi ya makubaliano haihitaji kurasa nyingi. Iwe na haya:

- aina ya madini, karati, rangi, na uzito wa makadirio pamoja na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi, kwa mfano asilimia 10;
- kila jiwe: idadi, kipimo kwa milimita, uzito kwa karati, ubora, namba ya cheti;
- saizi na kipenyo cha ndani, na kama marekebisho ya kwanza ya saizi ni bure;
- mwonekano wa mwisho: wa kung'aa, wa mkwaruzo laini au usiong'aa;
- idadi ya mara za kubadilisha mchoro zilizomo kwenye bei;
- arabuni, tarehe ya kukabidhiana, na nini hutokea mteja akighairi katika kila hatua;
- dhamana ya mawe kulegea, na ni ya muda gani.

Bei yenyewe iwe imegawanywa: dhahabu kwa gramu, ujira wa ufundi, mawe, upachikaji. Jumla moja isiyogawanywa huwezi kuilinganisha na nyingine. Bei ya dhahabu ulimwenguni hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1 ya dhahabu safi. Ukiigawanya kwa 31.1 na kuzidisha kwa 0.75 unapata thamani ya gramu moja ya karati 18, ndipo ongezeko la fundi linapoonekana wazi. Amueni pia bei ya dhahabu itafungwa siku gani. Njia safi ni kuifunga siku arabuni inapolipwa, arabuni hiyo ikitosha kununulia dhahabu yote. Ndiyo maana arabuni ya asilimia 50 kwa kazi nzito si tamaa.

Ukitumia dhahabu yako ya zamani

Kuyeyusha mkufu wa bibi ili uwe pete kunawezekana, lakini kuna mtego. Mikufu na hereni za zamani zina lehemu nyingi, na lehemu ni ya karati ya chini au ina metali zinazoyeyuka mapema. Metali ya risasi kidogo tu ikiingia kwenye dhahabu huifanya iwe ya kuvunjika, na pete hupasuka wakati wa kupindwa. Vipande vya karati tofauti vikichanganywa hutoa karati isiyojulikana, na muhuri utakaogongwa utakuwa wa uongo.

Kwa hiyo fundi akikushauri uiuze kwake kwa uzito na thamani yake ikatwe kwenye bei ya pambo jipya, mara nyingi ni ushauri wa kweli. Kama kumbukumbu ndiyo muhimu kwako, omba kipande kilicho safi zaidi, kwa kawaida pete nene isiyo na viungo, kipimwe na kutumika, hata kama ni kwa ajili ya kiti cha jiwe pekee.

Vyovyote vile, dhahabu ipimwe mbele yako kwenye mizani inayosoma gramu 0.01, mawe yakiwa yametolewa, na uzito na karati viandikwe kwenye stakabadhi. Mkubaliane upungufu: kuyeyusha na kupiga tupa lazima kupoteze kidogo, na asilimia ikiwekwa mapema haitazua mabishano. Mawe ya zamani yachunguzwe kwa lenzi kabla hayajatolewa, kwa sababu kucha huficha mipasuko ya ukingoni. Yapige picha mbele ya fundi.

Kwenye karakana

Hapa mteja hana la kufanya ila kusubiri. Modeli hufunikwa kwa plasta maalumu, plasta huchomwa kwenye tanuri mpaka nta iishe yote, kisha dhahabu iliyoyeyuka humiminwa kwenye uwazi uliobaki. Dhahabu safi huyeyuka kwa nyuzi 1064 za Selsiasi, platinamu kwa 1768, na tofauti hiyo ni sababu mojawapo ya ujira wa platinamu kuwa juu. Kasoro kubwa ya kumimina ni vijitundu vya hewa. Vikiwa vichache kwenye uso wa pambo hupigwa tupa vikaisha. Vikiwa kwenye kucha au chini ya pete, kipande kimiminwe upya. Omba kuiona pete kabla mawe hayajapachikwa, ikiwa imelainishwa lakini haijang'arishwa. Mng'aro huficha mengi.

Siku ya kupokea

Usipokee mlangoni ukiwa na haraka. Tenga nusu saa na mwanga wa mchana.

Anza na mizani. Uzito mzima ukitoa uzito wa mawe ndio uzito wa madini: pambo la gramu 7.1 lenye mawe ya karati 1.5 lina gramu 6.8 za dhahabu, kwa kuwa karati 1.5 ni gramu 0.3. Linganisha na karatasi. Angalia muhuri, ukijua kwamba muhuri ni tamko la aliyeugonga. Ukitaka uhakika zaidi omba kipimo cha mashine ya miale, lakini mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu. Pambo la kuchovywa rodi lipimwe kabla ya kuchovywa.

Halafu mawe. Yahesabu. Kwa lenzi, fuata kila ukucha: unapaswa kulalia jiwe bila mwanya, ncha zake zikiwa za mviringo na urefu sawa. Mkato wa ndani ya ukucha, pale jiwe linapokaa, usizidi nusu ya unene wa ukucha. Ukiuona ubavuni umekatwa zaidi ya hapo, ukatae. Pitisha pamba juu ya kucha zote. Nyuzi zikinasa, kuna ncha iliyoachwa wazi. Lete pambo karibu na sikio uligonge taratibu kwa ukucha wa kidole. Mlio wa tik-tik ni jiwe linalocheza. Mwisho, simamisha pete mezani na itazame mbele: jiwe lililoinama hata kidogo litakukera kila siku, na kulinyoosha sasa ni kazi ya dakika.

Vaa pete kwa saa nzima kabla ya kuondoka kama unaweza. Chukua stakabadhi yenye uzito na karati, vyeti vya mawe, na faili la mchoro au ahadi ya maandishi kwamba litatunzwa. Hereni moja ikipotea, faili hilo ndilo litakalokuzalia ya pili.

Rudi baada ya miezi sita kucha zikaguliwe, kisha kila mwaka. Nyumbani, maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha kwa almasi na yakuti ambayo haijajazwa kioo. Lulu na opali zifutwe tu kwa kitambaa chenye unyevu. Vua dhahabu kabla ya kuogelea kwenye bwawa au kushika dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwa kuwa klorini hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu, na kucha nyembamba ndizo huanza kupasuka.